Ukuta Ulioacha Njia

Kwenye uwanda wa mawe ya chokaa wa Derbyshire, katikati ya Uingereza, mashamba yametengwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji. Ukuta mmoja kwa kweli ni kuta mbili zinazoegemeana. Katikati hujazwa vipande vidogo vya mawe, na hapa na pale hulazwa jiwe refu linalozishika pande zote mbili zisiachane. Kuta hizi zinapanda vilima na kushuka mabonde mpaka macho yanachoka kuzifuata. Lakini ukitembea kando yake utafika mahali ambapo mawe mawili marefu yamesimamishwa wima, na kati yao imeachwa nafasi nyembamba. Mtu hupita upandeupande. Kondoo mzima hapiti, na ng'ombe ndiyo kabisa. Mwenye shamba amezuia mifugo yake isitoke, na mpita njia hakumzuia.

Nimepita kwenye nafasi hizo nikiwa na furaha, nikiwa na msiba, nikiwa nimetoka zamu ya usiku na usingizi umenikataa. Hakuna kitu katika nchi ile nilichokipenda zaidi.

Sababu iko Muheza, mkoani Tanga, kwenye kijiji kilichopakana na shamba la mkonge. Njia yetu ya kwenda shule, mtoni na zahanati ilipita katikati ya mistari ya mkonge. Mama aliipita akiwa na uchungu wa kunizaa, kashikwa mkono na shangazi. Wazee walitwambia kwamba ilikuwapo kabla hata mkonge haujapandwa. Nilipokuwa sekondari shamba lilipata mwenyewe mpya, seng'enge ikavutwa, akawekwa mlinzi, nasi tukaanza kuzunguka. Watoto wa darasa la kwanza wakazunguka, wajawazito wakazunguka, maiti wakabebwa kwa kuzunguka. Sikumbuki kusikia mtu akilalamika mbele ya mkubwa yeyote. Tuliamini tulikuwa tukipitishwa kwa hisani, na mwenye hisani akiirudisha kwake, huna la kumdai.

Imani hiyo nilisafiri nayo hadi Sheffield, nilikokwenda kufanya kazi ya uuguzi. Miaka ya mwanzo sikuijua nchi iliyoanza pale mji ulipoishia. Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi katika kiwanda cha chuma, mgane, mtu wa maneno machache na miguu isiyochoka. Aliniona nikirudi kazini asubuhi moja, akaniambia, "Binti, wewe unajua njia ya hospitali tu. Jumapili nitakuonesha nchi."

Tulipanda basi hadi Bakewell, tukaacha barabara, tukapandisha. Mbele yetu kulikuwa na ukuta, nafasi yenye mawe mawili, na ng'ambo yake shamba la mtu: majani mabichi, kondoo na vitoto vyao, nyumba ya mawe yenye moshi, mbwa. Nikasimama. Nikamwuliza, "Mzee, tumeomba ruhusa kwa nani?"

"Ruhusa ya nini? Hii ni njia."

Tukapita karibu kabisa na dirisha la jikoni la yule mkulima. Alikuwa nje anatengeneza lango. Akatupungia mkono, akasema kuna matope bondeni, akaendelea na nyundo yake. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka, na si kwa baridi.

Baadaye mzee alinieleza, na mengine nikayasoma mwenyewe. Uingereza na Wales zina njia za umma za namna hii zipatazo kilomita 225,000, na sehemu kubwa yake hukatiza ardhi ya watu binafsi. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri ziandae ramani rasmi za njia hizo, na leo kwenye ramani za kutembelea huchorwa kwa vistari vya kijani. Mwenye ardhi habanwi katika mengine: atalima, atauza, atawarithisha wanawe. Njia tu ndiyo hawezi kuifunga kwa matakwa yake. Na njia huzaliwa kwa kupitwa. Watu wakiitumia waziwazi kwa miaka 20, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, sheria huchukulia kwamba mwenye ardhi ameitoa kwa umma. Hilo la ruhusa nililirudia kulisoma mara nyingi. Ukipita kwa kuomba, miaka yako haihesabiwi, maana umekiri mwenyewe kwamba ni hisani. Anayehesabiwa ni yule aliyepita kama mtu anayepita njiani. Nikawafikiria watu wa kwetu, waliopita kwenye mkonge ule vizazi kwa vizazi wakienda kuteka maji, bila kumwomba mtu.

Tangu hapo nilitembea kila nilipopata siku, mara na mzee, mara peke yangu, masika na kipupwe. Nataka nieleze kidogo nchi yenyewe, kwa sababu njia haieleweki bila ardhi inayoibeba.

Uwanda huu una mwinuko wa mita 300 hivi juu ya bahari, na mawe yake yana umri unaokaribia miaka milioni 340. Wakati huo sehemu hii ya dunia ilikuwa karibu na ikweta, chini ya bahari ya maji ya kina kifupi na yenye joto. Makombe na viumbe vya baharini vilikufa, vikarundikana, vikagandamana kuwa jiwe. Kisha ardhi ikasogea taratibu kuelekea kaskazini na kulipeleka jiwe hilo kwenye mvua na baridi. Ukiinama kwenye nafasi ya ukuta utaona duara ndogondogo zilizopangana kwenye mawe. Ni vipande vya mashina ya mnyama wa baharini, ukoo mmoja na kiti cha pweza, aliyesimama amejishikiza chini baharini. Nilipoambiwa nilicheka kwa furaha. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya bahari ya ikweta, mbali sana na kwetu. Wanafunzi wa Tanga hupelekwa kwenye mapango ya Amboni, nami nilipelekwa, nikaona jinsi maji yalivyochonga kumbi ndani ya mawe ya chokaa. Mawe ya Amboni ni machanga zaidi, lakini kazi ya maji ni ile ile.

Chokaa haihifadhi maji juu. Mvua ikinyesha huzama kwenye nyufa, na uwanda ukabaki mkavu kwa miguu na kwa mifugo. Wakulima wa zamani walichimba madimbwi ya duara na kuyasakafia kwa udongo wa mfinyanzi ili ng'ombe wapate pa kunywa. Hata mito haiaminiki. Mto Manifold, siku za kiangazi, huingia ardhini karibu na Wetton Mill ukaacha mkondo mtupu wa mawe, ukaja kuibuka Ilam, kilomita kadhaa mbele. Mto Lathkill wakati wa mvua nyingi hutoka mdomoni mwa pango kwa kishindo. Ukirudi Julai unatembea kwenye mkondo wake wa juu bila kulowa viatu. Mzee alikuwa akisimama hapo na kutega sikio, na mimi nilijifunza kusimama naye.

Ukavu wa Lathkill hausababishwi na chokaa peke yake. Chini ya bonde lile watu walichimba madini ya risasi kwa karne nyingi, na kila walipofuata mshipa wa madini kwenda chini walikutana na maji. Basi wakachimba mifereji mirefu ndani ya mwamba kuyatoa, na kina cha maji ardhini kikashuka. Migodi imekwisha, mifereji bado inakunywa. Ukishuka na bonde kupita kijiji cha Over Haddon hadi daraja la zamani la Conksbury unaona kuta za migodi zimefunikwa na kuvumwani, na chini zaidi, pale chemchemi zinapourudishia mto maji, kuna uwazi wa maji ambao sijauona mahali pengine: samaki anaonekana, kivuli chake kinaonekana, na changarawe chini ya kivuli inaonekana. Kuna ndege mdogo mweusi mwenye kifua cheupe anayeingia ndani ya maji yanayokwenda kasi na kutembea sakafuni akitafuta chakula. Niliweza kukaa nikimtazama mpaka mzee akaanza kukohoa kwa makusudi.

Wachimbaji wale walikuwa na desturi iliyonishangaza. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mtu yeyote aliyegundua risasi alikuwa na haki ya kuingia kwenye ardhi ya mwingine na kuichimba, isipokuwa makaburini, bustanini na kwenye barabara. Desturi hizo ziliandikwa mwaka 1288, na mahakama yao ya kale hukutana mjini Wirksworth hata sasa. Siisifu haki ya kuchimba uwanja wa jirani. Ilileta ugomvi na vifo. Ninachosema ni kwamba watu wa pale wana historia ndefu ya kuamini kwamba ardhi moja inaweza kuwa na wenye haki zaidi ya mmoja. Kwetu tuliijua imani hiyo pia, kabla ya hati na seng'enge.

Kijiji nilichokipenda kuliko vyote ni Youlgreave, juu ya makutano ya mabonde ya Lathkill na Bradford. Katikati yake, barabarani, limesimama tangi kubwa la mawe la mviringo lililojengwa 1829. Kabla ya hapo wanawake walishuka bondeni kuteka maji mtoni na kupandisha nayo. Chama cha wanawake cha kusaidiana ndicho kilichoshika bendera ya kudai maji, na maji yakavutwa kwa mabomba kutoka chemchemi iliyo ng'ambo ya bonde. Nilipoyasoma hayo kwenye kibao niliketi kwenye ngazi ya kanisa nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Upo wapi, mbona upepo?"

Nikamweleza habari za wanawake wa kijiji kile, chama chao na bomba lao. Mama yumo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa tangu nikiwa mdogo. Akanyamaza, kisha akaniuliza jambo la maana kuliko yote yaliyoandikwa kwenye kibao: "Na fundi wa kulitunza nani alikuwa anamlipa?" Nikamjibu kwamba kila nyumba ilichangia, na kwamba mpaka leo kijiji kina mamlaka yake chenyewe ya maji. Akasema, "Hapo sasa."

Kila Juni watu wa Youlgreave hupamba visima na mabomba yao, kama wafanyavyo Tissington siku ya Kupaa kwa Bwana na vijiji vingi vya uwanda huo. Hutwaa mbao kubwa, wakazilowesha majini siku kadhaa, wakazipaka udongo uliochanganywa na chumvi usikauke upesi, kisha wakachora picha kwa kubandika petali moja moja, majani, mbegu, kuvumwani na maganda. Kazi huchukua siku na usiku, wazee na watoto meza moja, na baada ya wiki moja hivi picha imenyauka. Wengine husema Tissington ilianza kwa shukrani baada ya tauni ya karne ya 14, wengine husema ni baada ya ukame wa 1615 ambao visima vyake havikukauka. Vyovyote iwavyo, ni watu wanaoishi juu ya mwamba usiohifadhi maji, na wanajua wanachokishukuru.

Kijiji cha Eyam sikukimbilia kwenda. Nilikuwa nimezisikia habari zake hospitalini, nikaona zitanitesa. Nilikwenda baada ya mwaka 2020.

Septemba 1665 fundi cherehani wa Eyam alipokea vitambaa kutoka London, mji uliokuwa ukiteketea kwa tauni. Ndani yake, inasimuliwa, mlikuwa na viroboto. Aliyeufungua mzigo, George Viccars, alikufa baada ya siku chache, na ugonjwa ukaingia nyumba kwa nyumba. Kipupwe kiliutuliza, kisha ukarudi kwa nguvu majira ya joto ya 1666. Kijiji kilikuwa na wachungaji wawili wasiopatana: William Mompesson, kijana aliyeletwa na kanisa la serikali, na Thomas Stanley, mtangulizi aliyeondolewa kwa kukataa utaratibu mpya wa ibada, lakini bado anapendwa na wengi. Mwezi Juni wakakubaliana jambo moja, wakawaomba watu walikubali: hakuna kutoka nje ya mpaka wa kijiji. Kila nyumba izike wafu wake yenyewe, karibu, bila kwenda makaburini. Ibada ifanyike nje, bondeni, kila familia ikae mbali na nyingine. Waliokuwa na uwezo baadhi walikuwa wameshaondoka, na Mompesson mwenyewe aliwatoa watoto wake. Waliobaki walikubali.

Kwenye njia kati ya Eyam na Stoney Middleton kuna jiwe lenye vishimo. Wanakijiji waliweka fedha kwenye vishimo vilivyojaa siki, wakarudi nyuma. Watu wa upande wa pili wakaja, wakaacha chakula, wakachukua fedha. Earl wa Devonshire, aliyekuwa na jumba lake Chatsworth, naye aliwaletea mahitaji. Nimeliwekea kidole jiwe lile. Vishimo vimelainika kwa vidole vya wageni kama mimi.

Nje kidogo ya kijiji, juu ya mteremko, kuna makaburi yaliyozungushiwa ukuta mdogo. Mwezi Agosti 1666 Elizabeth Hancock aliwazika pale mumewe na watoto wao sita ndani ya siku nane. Kwa mikono yake. Kutoka mahali hapo vijiji vya jirani vinaonekana vizuri, moshi wa mapishi yao, ng'ombe wao. Angeweza kushuka. Hesabu ya waliokufa, kwa kawaida husemwa, ni 260, na ugonjwa ulipokoma Novemba haukuwa umewaingia majirani.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, nilishika simu masikioni mwa wagonjwa ili watoto wao wawaage. Nilimzuia mlangoni mwanamume aliyekuja kumwona mkewe wa miaka mingi, kwa sababu amri ilikuwa hiyo, na amri ilikuwa ya kweli, ugonjwa uliua. Kule juu ya makaburi ya Hancock nililia yale niliyokuwa sijayalia. Na nilipomaliza niliona tofauti niliyokuwa nikiitafuta bila kuijua. Njia za Eyam zilifungwa na wale wale waliokuwa wakizipita. Walikaa, wakasemezana, wakakubali, na wa nje wakawajibika kuwaletea chakula hadi kwenye jiwe. Njia yetu ya mkonge ilifungwa na mtu ambaye hajawahi kuipita, hakumsemesha mtu, wala hakuweka jiwe lolote la kupokelea. Kufunga njia kunaweza kuwa tendo kubwa la upendo. Inategemea nani anafunga, na amemuuliza nani.

Nisije nikaonekana nimeifanya nchi ile pepo. Kuta zenyewe ninazozipenda, nyingi zilijengwa kati ya miaka ya 1760 na 1830, Bunge lilipopitisha sheria za kugawa malisho ya wote kuwa mali ya wachache. Kwenye ugawaji huo njia kadhaa ziliandikwa zibaki, nyingine zikafutwa kwa kalamu, na maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja akabaki bila pa kumlisha. Bonde la mto Wye, pale Litton, ambapo leo watu hutembea wakila aiskrimu, palikuwa na kiwanda cha pamba kilichoendeshwa kwa mikono ya watoto maskini waliochukuliwa kutoka nyumba za hifadhi za miji. Masimulizi ya mmoja wao, Robert Blincoe, yalichapishwa na kusomwa sana enzi hizo. Watoto waliokufa walizikwa Tideswell na Taddington. Nilipita kiwandani hapo nikiwa na jina lake kichwani, na sikuona vema kupita haraka. Na leo vijana waliozaliwa kwenye vijiji hivi vya mawe hushindwa kununua nyumba ndani yake, kwa kuwa nyingi zimenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja mwisho wa wiki.

Hata haki ya kutembea haikutoka mbinguni. Earl wale wa Chatsworth, ambao baadaye walipandishwa kuwa madyuki, ndio waliokihamisha kijiji cha Edensor katika miaka ya 1830 na kukijenga upya pembeni, kisionekane kutoka kwenye jumba. Kaskazini ya uwanda wa chokaa, ambako mwamba hugeuka kuwa mweusi na wa mchanga, kuna mlima Kinder Scout. Eneo kubwa la ardhi huko, ikiwemo ya madyuki hao, lilikuwa limefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege siku chache kwa mwaka, na wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield waliuona mlima wao kwa mbali. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wakiongozwa na kijana wa miaka 20, Benny Rothman, waliupanda kwa makusudi mchana kweupe, wakakwaruzana na walinzi. Kuvuka ardhi ya mtu hakukuwa kosa la jinai, kwa hiyo walishtakiwa kwa kufanya ghasia. Watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka 2002, kwenye maadhimisho ya miaka 70, Duke wa Devonshire alisimama hadharani akaomba radhi kwa yale yaliyofanywa na babu yake. Baba wa mzee jirani yangu alikuwa miongoni mwa watembeaji wa enzi hizo, ingawa si wa siku ile. Mzee alisema baba yake hakuishi kuisikia radhi, lakini aliishi kuuona mlima ukifunguliwa.

Ulifunguliwa baada ya tarehe 17 Aprili 1951, siku ambayo Peak District, yaani eneo lenye uwanda huu na mlima huo, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza kabisa Uingereza. Niliposoma mwaka huo nilirudi nyuma kuuangalia tena. Serengeti nayo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza hao hao. Hifadhi ya Derbyshire ilichorwa ikiwa na vijiji vyake, kanisa na baa zake, wakulima na kondoo wao. Makumi ya maelfu ya watu wanaishi ndani yake, na karibu ardhi yote ni ya watu na taasisi, si ya serikali. Wamaasai wa Serengeti waliahidiwa mwanzoni kwamba wataendelea kukaa, kisha mwaka 1959 wakahamishiwa Ngorongoro. Najua nyumbu wanaohama kwa mamia ya maelfu hawatoshi kwenye malisho ya Bakewell, na simba si kondoo. Mazingira ni tofauti na sheria zake lazima zitofautiane. Lakini wazo la awali kabisa, kwamba uzuri wa nchi na watu wanaoishi ndani yake ni jambo moja, lilionekana kufaa kwa Mwingereza na kutomfaa Mmaasai. Sisi tulirithi wazo hilo la pili, na tumeendelea kulitumia miaka mingi baada ya bendera kushushwa. Siamini kwamba ni lazima.

Mzee alifariki mwaka niliokuwa nikijiandaa kurudi nyumbani. Wanawe walinipa ramani zake. Amezichora kwa penseli kila mahali palipofungwa: lango lenye kufuli, kibao kilichong'olewa, bwawa la samadi juu ya njia. Pembeni ameandika tarehe aliyotoa taarifa halmashauri, na tarehe aliyorudi kuangalia. Sehemu nyingi zina tarehe ya tatu, ya pale njia ilipofunguliwa. Sikuwa nimejua kwamba Jumapili zetu zote hizo alikuwa kazini.

Kijijini kwetu nilikuta mpango wa matumizi bora ya ardhi unaandaliwa. Ramani ilitundikwa ofisi ya kijiji: makazi, mashamba, msitu wa hifadhi, mapito ya mifugo, eneo la uwekezaji. Njia za miguu hazikuwamo hata moja. Kwenye mkutano nikaomba nafasi, nikauliza. Mtendaji akanijibu kwa upole kwamba njia za miguu kila mtu anazijua. Nikasema ndiyo, na ile ya mkonge pia kila mtu aliijua. Pakawa kimya, halafu mzee mmoja wa nyuma akasema, "Mwacheni dada aseme."

Kamati ya watu saba ikaundwa, wanne wanawake, na tukazitembea zote kabla ya kuzichora: ya kisimani, ya msikitini, ya kanisani, ile ya makaburini inayopita nyuma ya michungwa. Zile zilizo kwenye ardhi ya kijiji zimeingia kwenye ramani. Ya mkonge haiko mikononi mwa kijiji, kwa kuwa shamba ni la hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma, hivyo tumeandika barua wilayani, na tumeambatisha maelezo ya waliopita: jina, alikuwa akienda wapi, kuanzia mwaka gani, kama kuna aliyemzuia, kama aliwahi kuomba ruhusa. Maswali hayo niliyatoa kwenye fomu wanazojaza watu wa Derbyshire wanapodai njia. Shangazi, aliyekwishapita miaka 80, alijibu yote kwa haraka isipokuwa la mwisho. Alimtazama kijana aliyekuwa akiandika, akamwuliza kama amelisoma sawasawa. Kijana akarudia: uliwahi kuomba ruhusa ya kupita?

"Andika hapana," shangazi akasema. "Andika na mwaka."